Siku Niliyochemsha Maji ya Nyumbani Kwangu Tu

Kabla sijaona chochote, nilisikia. Tik. Kimya. Tik. Kimya. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa chuma, bahasha ya vyeti nimeikumbatia kifuani, na nyuma ya mlango ule kitu kilikuwa kinagonga polepole, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha akisubiri jibu. Nilidhani ni saa ya ukutani. Mlango ulipofunguliwa nikaona pampu ndogo, haizidi ukubwa wa ndoo, inadondosha klorini kwenye maji yanayokwenda mjini. Pembeni yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti jeupe lililopauka, anaitazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyelala.

"Wewe ndiye mupya?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Sikia hiyo. Ikinyamaza, unakimbia. Ikiendelea, unafanya kazi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya siku ya kwanza. Aliyenipa ni Mzee Anastase, fundi mkuu wa maabara yetu. Kiswahili chake alikiokota Bukavu alipokuwa kijana, na namba zote alizihesabu kwa Kifaransa. Mimi nilikulia Karagwe, nikaja Kigali na Kiswahili cha shule. Wenzetu wawili walitoka Uganda na chao cha sokoni. Ndiyo maana hata leo, ninapowaandikia ninyi mliobaki pale, naandika kwa lugha tuliyokuwa tukigombana na kuchekeshana nayo juu ya zile meza za vigae vyeupe. Mmeniomba niandike niliyojifunza. Vyeo na mishahara nimeviacha, faili zake zipo. Nimeandika kazi yenyewe, na siku moja ndani yake ambayo ningeitoa kama ningeweza.

Kazi yetu kwa macho ya mtu wa nje haina ajabu. Unakwenda kwenye bomba la mtu, unachota maji, unarudi. Lakini Mzee Anastase aliifundisha kama ibada. Kwanza unafungua bomba maji yakimbie, ili yale yaliyolala kwenye chuma yaondoke. Unafunga. Unachoma mdomo wa bomba kwa moto wa gesi ya mkononi mpaka chuma kilie. Unafungua tena, unasubiri kipoe, halafu unakinga chupa iliyopikwa maabara, bila kugusa mdomo wake, bila kuweka kifuniko chini, bila kuzungumza juu yake.

"Mukono yako iko na watu," aliniambia siku niliposhika chupa shingoni. "Iko na bibi, iko na babu, iko na watoto yake yote. Wewe unataka kuhesabu watu ya muji, usichanganye na ya kwako."

Chupa inaingia kwenye kasha la barafu. Maabara, maji yanapitishwa kwenye chujio jembamba kama ngozi ya kitunguu, chujio linalazwa kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kisahani kinaingia kwenye kabati la joto mpaka kesho yake. Ukifungua kesho ukakuta chujio jeupe, unamshukuru Mungu na kuandika sifuri. Ukikuta madoa ya manjano, basi maji yale yamekutana na kinyesi mahali fulani, na siku yako imeharibika.

Kuna kipimo kimoja tu ambacho hakingoji kesho. Palepale bombani unajaza kichupa kidogo cha kioo, unatia kidonge, unatikisa. Klorini ikiwamo, maji yanageuka rangi ya waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Isipokuwamo, yanabaki kama yalivyo. Hakuna mashine inayopenda kusema ukweli haraka kama kile kidonge. Nimekitumia miaka yote na sijawahi kukizoea. Kila mara nilipotikisa, roho yangu ilisimama kidogo.

Sasa niwaambie jinsi kanuni ya chupa mbili ilivyoanza, maana wengi wenu mmeikuta na mnadhani iliandikwa na wataalamu. Ilizaliwa kwenye kidole gumba changu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Nilitumwa Kacyiru, kwenye jengo moja la ofisi, kuchukua maji jikoni. Kidonge kiligeuka waridi iliyofifia, si sana. Mpishi, mama mmoja mnene mwenye kilemba, akaniuliza, "Vipi, mwanangu, tunywe?" Mimi, kwa bidii ya ujana, nikamwambia asiwape watu maji yale mpaka nirudi. Kufika saa sita jengo zima halina chai. Kesho yake nikafungua kisahani nikakuta madoa ya manjano, nikajiona shujaa. Barua ikaandikwa, mabomba yakafungwa, watu wenye tai wakaonekana wakibeba maji ya chupa kwenye ngazi. Mzee Anastase akaenda mwenyewe kuchukua chupa ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa safi. Kilichokuwa kwenye chupa yangu ni mimi.

Hakunifokea. Aliniketisha karibu na kabati la joto akanionyesha kisahani changu na vyake, vimepangwa kwa mstari. "Angalia," alisema. "Hii njano yote ni wewe. Karibu kwa famille." Wenzangu walicheka wiki nzima. Waliniita Mama Njano mpaka nilipozaa Ange wakapata jina jingine la kuniita. Lakini ofisini juu hawakucheka, na Mzee alibeba lawama zangu mgongoni mwake kwa muda mrefu. Baada ya hapo akaweka kanuni mbili. Hakuna tangazo kwenda kwa watu mpaka chupa ya pili ikubaliane na ya kwanza. Na kanuni ya pili, aliyokuwa akiirudia kila asubuhi tukifunga makasha: "Ku robinet, hapana maneno." Bombani hakuna maneno. Unachukua, unashukuru, unaondoka. Majibu yanatoka ofisini.

Nilizishika kanuni hizo kama mtu aliyeungua anavyoshika kitambaa cha kuepulia sufuria. Ndizo zilizonifanya nisifikirie.

Kati ya vituo vyetu vya kuchukulia sampuli, nilichokipenda kilikuwa Kabeza, bomba la nje la duka la Zubeda. Alikuwa fundi cherehani, mjane, babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani akaoa hapahapa akabaki. Alishona kanzu, sare za shule na magauni ya harusi ambayo hayakuwahi kwisha siku iliyoahidiwa. Kwa miaka mingi nilikwenda pale kila Jumanne asubuhi. Aliposikia moto wa gesi ukivuma alisema kutoka ndani, bila kuinua macho kwenye mshono, "Leo tena unanichomea bomba langu?"

"Nalisafisha, Mama Idrisa."

"Lingekuwa na mdomo lingekushitaki."

Halafu chai, kama ipo, na mkate. Idrisa alikuwa mwanawe wa pekee, dereva. Alipooa, mkewe Salima akaja kuishi nyuma ya duka pamoja nao, binti mtulivu kutoka Rwamagana, mwenye kusikiliza kwanza ndipo aseme. Akazaliwa Rayani. Zubeda alimfunga mgongoni akiwa anakanyaga cherehani, na mtoto akalala kwa mtikisiko ule kama yuko safarini.

Mnajua watu wengi wa Kigali huchemsha maji ya kunywa, tangazo liwepo lisiwepo. Mama zetu walichemsha, nasi tunachemsha. Zubeda alikuwa ameacha. Na aliacha kwa sababu yangu. Aliniona kila Jumanne na koti langu na moto wangu, akaamini kwamba bomba linalopimwa kila wiki haliwezi kumdhuru. Aliwaambia jirani zake, nami nikimsikia, "Ninyi chemsheni. Maji yangu mimi yana daktari wake." Nilicheka. Kucheka kule nakukumbuka vizuri. Nilipaswa kumwambia kwamba kupima si kutibu, kwamba mimi naondoka na kichupa changu na maji yanayobaki nyuma hayajui kama nilikuja. Lakini mtu akikuita daktari mbele ya watu, unasimama wima kidogo.

Kisha ikaja ile masika ambayo haikutaka kukoma. Mteremko mmoja juu ya Kabeza uliteleza, ukaondoka na bomba kubwa. Siku mbili upande ule haukuwa na maji. Mafundi wa mabomba walifanya kazi ndani ya tope mpaka mapajani, na Jumatatu maji yakarudi. Yalikuja kwanza kwa kukohoa, halafu kahawia kama chai ya maziwa, halafu meupe. Hapo ndipo watu hudanganyika. Yakishakuwa meupe wanajaza jerekani, wanasema, haya, yamepona.

Jumanne nikaenda kama kawaida. Zubeda alikuwa na foleni ya sare, kalamu ya chaki sikioni. Nilifungua bomba, nikafunga, nikachoma, nikakinga chupa. Halafu nikajaza kichupa, nikatia kidonge, nikatikisa.

Maji hayakugeuka. Nikatikisa tena. Nikakiinua mbele ya jua. Kidonge kilikuwa kimeyeyuka chote, na maji yalikuwa meupe kama niliyoyakuta. Nikatupa, nikarudia na kidonge cha pili. Hakuna waridi hata ya kuombea.

Zubeda alitokea mlangoni na Rayani mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi minane, anatafuna ncha ya mtandio wa bibi yake.

"Vipi, daktari wangu?" akasema. "Jana yalikuwa machafu hayo, leo naona yamenyooka. Yako sawa?"

Nilikuwa na kichupa mkononi. Ilikuwa neno moja tu, chemsha. Nisingekuwa nimevunja mji. Lakini nilichokiona mbele yangu si yule mtoto. Niliona jengo la Kacyiru, ngazi, watu wenye tai na chupa zao, Mzee Anastase akipanga visahani kwa mstari. Alikuwa ameshastaafu wakati huo, lakini nilisikia sauti yake kama yuko nyuma yangu. Bombani hakuna maneno.

"Majibu yatatoka ofisini, Mama Idrisa," nikasema.

"Ee, hayo majibu yenu. Umepima, basi yatosha."

Nikafunga kasha langu. Nikamshukuru. Nikaondoka.

Jioni ile nyumbani kwangu niliwasha jiko la mkaa kabla sijavua viatu. Nikabandika sufuria kubwa kuliko zote. Tulikuwa tunakaa mbali kidogo na Kabeza, lakini bomba letu lilikunywa kwenye mstari uleule. Ange alikuwa sekondari wakati huo, anafanya hesabu zake mezani. Akaniona nikimwaga jagi la maji ya kunywa kwenye ndoo ya kudekia.

"Mama, kwani wametangaza?"

"Bado."

"Sasa mbona unamwaga?"

"Leo hakuna kunywa ya bomba. Hata kusukutua mdomo tumia haya ya sufuria."

Akanitazama. Alikuwa na umri ule wa kutazama mzazi kama hesabu yenye kosa. "Na jirani, tuwaambie?"

"Soma vitabu vyako," nikamwambia.

Nimeandika ripoti nyingi katika maisha yangu ya kazi na hakuna niliyoiogopa kama mistari hiyo niliyoandika sasa hivi. Kanuni niliivunja siku ileile. Niliivunja kwa ajili ya watoto wangu, kimya, na mlango umefungwa.

Jumatano nikafungua kisahani. Madoa ya manjano yalikuwa mengi hata sikuyahesabu mpaka mwisho. Kanuni ikataka chupa ya pili. Nikaenda asubuhi hiyohiyo, Zubeda akiwa ametoka kununua vitambaa, Salima ndiye aliyekuwapo, anafua nepi. Kidonge kikakataa tena. Salima akakamua nepi, halafu akasema kwa adabu, "Shangazi, haya maji kama yamebadilika harufu. Nilimwambia mama tuchemshe ya mtoto."

"Akasemaje?"

"Akasema wewe umepima jana."

Nilikuwa tayari nimesikia, wenzangu. Siwezi kusema sikusikia. Nikamwambia, "Kuchemsha hakudhuru," kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, nikashika njia.

Alhamisi chupa ya pili ikakubaliana na ya kwanza. Barua ikaandikwa, ikapanda juu, ikashuka kusahihishwa neno moja, ikapanda tena. Ijumaa mchana redio ikatangaza, na wakuu wa midugudu, yaani vijiji vya mitaani, wakapita nyumba hadi nyumba. Mimi ndiye niliyeandika maelezo, na hapo nilifanya kazi nzuri, kwa uchungu wa mtu anayefagia nyumba iliyokwisha kuibiwa. Niliandika kwamba mvuke si kuchemka. Kigali tuko juu, maji yetu huanza kutokota kabla ya nyuzi mia, kwa hiyo mtu asiepue akiona mvuke, angoje mapovu makubwa yapinduke toka chini ya sufuria, ayaache yakitokota hivyo dakika nzima. Yapoe humohumo, na mfuniko. Yasirudishwe kwenye jerekani iliyobeba yale mabichi, maana hilo ndilo kosa la nyumba nyingi: mtu anapoteza mkaa wake wote, kisha anamimina maji safi ndani ya uchafu uleule alioukimbia. Meno yapigwe mswaki kwa yaliyochemshwa. Uji wa mtoto, chupa yake, kijiko chake. Niliandika "mtoto" mara tatu. Mkubwa wangu akasema mara moja inatosha.

Rayani alikuwa amelazwa tangu Alhamisi asubuhi. Kutapika na kuhara, macho yameingia ndani, dripu kichwani kwa sababu mishipa ya mkono ilikuwa imekimbia. Nililijua hilo Jumanne iliyofuata, nilipokwenda kuchukua sampuli. Maji wakati huo yalikuwa yamesafishwa, kidonge kiligeuka waridi mara moja, bila haya.

Mtoto alipona. Niliseme hilo mapema msije mkashika moyo. Alirudi nyumbani mwepesi kama nguo iliyofuliwa, lakini alirudi.

Zubeda aliniita ndani. Hakukuwa na chai.

"Nieleze," akasema. "Maji yaliharibika lini?"

"Majibu kamili tuliyapata Alhamisi."

Yalikuwa maneno ya kweli, kila moja. Hata wakili asingepata pa kushika.

"Alhamisi," akarudia. Nikaona anapiga hesabu kwa vidole, kama anavyopima kitambaa. "Mtoto ameanza Jumatano jioni. Na Jumanne wewe ulisimama hapa, ukapima, nikakuuliza. Yangekuwa mabaya ungeniambia."

Nikatazama kasha langu la barafu.

"Kwa hiyo si maji," akasema. "Ni chupa. Nimemwambia huyu msichana mara ngapi achemshe chupa ya mtoto na chuchu yake. Vijana wa leo mkono mmoja kwenye simu, mkono mwingine kwenye chakula cha mtoto."

Salima alikuwa nyuma ya pazia. Nilijua kwa sababu pazia lilitikisika na hakukuwa na upepo. Hapo ndipo nilipopata nafasi yangu ya pili, na niliitumia kufunga kasha la barafu.

Haikuwa ugomvi wa siku moja. Lilikuwa jambo linalosemwa kwa mafumbo, mbele ya wateja, sufuria ikianguka, mtoto akikohoa. Zubeda hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na woga wake ulitafuta mtu wa kukaa naye. Salima alivumilia mpaka mvua zikaisha. Halafu akafunga vitu vyake akarudi kwao Rwamagana na mtoto. Idrisa alikaa na mama yake miezi miwili, akienda na kurudi, mpaka akachoka kuwa daraja. Akahamia kwa mkewe. Zubeda akabaki na cherehani.

Miaka minne nilikwenda kwenye lile bomba, Jumanne baada ya Jumanne. Hakuniuliza tena kama nalichoma. Mara moja tu alinionyesha picha kwenye simu, Rayani na viatu vipya. "Wamenitumia sikukuu," akasema. "Mtoto haji. Mama yake anasema nyumba hii ilimwita mchafu." Halafu akairudisha simu mfukoni. "Labda nilizidisha. Lakini mtu anajua alichokiona."

Nilimtembelea Mzee Anastase kabla hajafariki, kule Kinyinya kwa binti yake, kati ya nyumba zinazojengwa na vumbi la saruji. Nilimweleza yote, nikitumaini, nadhani, kwamba atanisamehe kwa niaba ya kanuni. Alisikiliza, mkono nyuma ya sikio.

"Nani alikwambia unyamaze juu ya sifuri ya klorini?" akauliza.

"Wewe, Mzee. Bombani hakuna maneno."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi nilisema usitangaze vijidudu bila kuona vijidudu. Sifuri ya klorini si vijidudu. Sifuri unaiona kwa macho yako. Unasema: mama, chemsha, tukingojea. Hiyo si tangazo. Hiyo ni adabu tu."

"Hukuniambia hivyo."

"Sikufikiri iko mutu wa kuambiwa."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana nimebaki nayo. Wenzangu, kama mtachukua kitu kimoja kwenye kurasa hizi, chukueni hicho. Chupa mbili kwa ajili ya redio, sawa, endeleeni. Lakini kidonge kisipogeuka, mwambieni mwenye bomba kabla hamjafunga kasha. Hamtaabishi mtu. Mkaa wa sufuria moja ni kitu kidogo. Mimi nilikuwa nao wa kwangu, nikaona ni wa kutosha nyumba moja.

Waliponiaga ofisini kulikuwa na keki na soda na hotuba. Mmoja wenu alisema sikuwahi kutoa tangazo la uongo tangu mwaka wangu wa pili, na watu wakapiga makofi. Nilitazama sahani yangu. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, nikaenda Kabeza bila koti, bila kasha.

Zubeda alikuwa anashona sare ya samawati. Alinitazama kutoka juu ya miwani. "Leo si Jumanne."

"Nimestaafu, Mama Idrisa."

"Hongera. Kaa."

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja. Nikamwambia bila kupamba, kama ripoti. Kwamba ile Jumanne kidonge hakikugeuka, wala cha pili. Kwamba nilijua palepale, aliponiuliza, mtoto akiwa mgongoni mwake. Kwamba Alhamisi niliyomtajia ilikuwa Alhamisi ya karatasi. Kwamba Salima aliniambia harufu imebadilika, na alikuwa na haki.

Mguu wake ulibaki juu ya kanyagio la cherehani, hausogei. Nje watu walikuwa wanapita na mazungumzo yao.

"Wewe siku ile," akasema mwishowe, "kwako ulikunywa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

"Nilichemsha."

"Jioni ileile?"

"Jioni ileile. Kabla sijavua viatu."

Akavua miwani akaiweka juu ya kitambaa. Uso wake haukuwa na hasira niliyokuja kuipokea. Ulikuwa uso wa mtu anayepitia upya chumba baada ya chumba kwenye nyumba aliyodhani anaijua.

"Salima alibandika sufuria," akasema. "Jumanne mchana. Alikuwa ameshaibandika jikoni. Mimi ndiye niliyeiepua. Nikamwambia, unaunguza mkaa wangu kwa maji yaliyopimwa asubuhi hii?" Akaufungua mkono wake juu ya kitambaa. "Kwa mkono huu."

"Ni kosa langu."

"Usinichukulie langu, Mama Ange. Una lako la kukutosha."

Akakata uzi kwa meno, akakunja ile sare ambayo haikuwa imekwisha. Akainuka, akachukua mtandio kwenye msumari, akajitazama kwenye kioo cha wateja akaufunga vizuri, upande mmoja, halafu upande wa pili. Akaweka simu na pochi kwenye mkoba.

"Mabasi ya Rwamagana yanaondoka kila wakati, sivyo?"

"Yego. Hata sasa. Nikusindikize? Nitamwambia mwenyewe Salima, mbele yako."

"Oya, hapana." Alisema bila kupandisha sauti. "Utamwambia siku yako. Leo ni yangu. Nina miaka minne ya kwenda kupiga magoti, na siwezi kupiga magoti mtu akinishikia mkoba."

Akapita mbele yangu. Kizingitini alisimama kidogo akinipa mgongo, nikadhani atageuka, nikawa nimekwisha kuinuka nusu kwenye kigoda. Hakugeuka. Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake, nao ukafungika, nami nimo ndani.